Mkunga Aliyetoka Tangini

Mwenye tangi la samaki akiamka asubuhi akakuta chujio linanguruma kama kawaida lakini mkunga hayupo, kabla ya kuhuzunika ainame chini. Aghalabu mtoro huyo yupo karibu na ukuta, nyuma ya kabati au chini ya kochi, amejikunja, ngozi imefifia, mwili mzima umegandwa na vumbi na nywele. Ukimgusa hatikisiki. Wengi wakifikia hapo huishia kwenye pipa la taka, na inauma kujua kwamba miongoni mwa wanaotupwa wamo walio hai.

Wafugaji wa samaki duniani kote wana visa vya mikunga waliookotwa sakafuni wakiwa wakavu, wakarudishwa majini bila matumaini, kisha jioni wakaonekana wakipumua. Ni rahisi kuviita miujiza. Lakini ukichunguza mwili wa mkunga, unakuta sababu za wazi kabisa za kwa nini mmoja hupona na mwingine hufa, na sababu hizo zinapaswa kujulikana na kila anayemweka samaki huyu nyumbani.

Kwanza, si kila anayeuzwa kwa jina la mkunga ni mkunga. Kuna mikunga wenyewe wa jamii ya Anguilla, wanaokulia mitoni na kwenda kuzaliana baharini. Hao ndio wanaopatikana katika mito ya Tana, Athi, Pangani na Rufiji. Kuna mikunga wa miamba ya bahari. Anayependwa zaidi na wafugaji katika kundi hilo ni Echidna nebulosa, mweupe mwenye mabaka meusi na vidoa vya manjano, ambaye makazi yake yanaanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Kuna mikunga-miba wa maji baridi, kama Mastacembelus erythrotaenia wa Asia mwenye mistari myekundu. Ndugu zao wa Ziwa Tanganyika ni zaidi ya spishi kumi. Halafu kuna samaki-kamba wa Afrika Magharibi na Kati, Erpetoichthys calabaricus, ambaye kwa ukoo yuko mbali sana na wote hao ila umbo lake ni lile lile refu la kuteleza.

Kwa macho wanafanana. Wakianguka sakafuni, hatima zao hazifanani hata kidogo. Samaki-kamba ana mapafu na huvuta hewa kila siku hata akiwa ndani ya maji, kwa hiyo hewa ya sebuleni si ngeni kwake. Adui yake ni ukavu. Mikunga-miba hupenda kujifukia mchangani na matopeni, na baadhi yao huweza kumeza hewa maji yanapokosa oksijeni. Mikunga wa Anguilla na wale wa miamba hawana pafu lolote. Hao hutegemea ngozi.

Mtu wa kwanza kulipima jambo hili kwa makini alikuwa August Krogh wa Denmark, ambaye baadaye, mwaka 1920, alipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1904 alichapisha majaribio yake kuhusu upumuaji wa ngozi, na mkunga alikuwa mmoja wa wanyama aliowachunguza. Miaka 60 hivi baadaye, mwaka 1965, Berg na Steen wa Norway walilichimba zaidi. Walikuta kwamba mkunga wa Ulaya akiwa majini hupata sehemu kubwa mno ya oksijeni yake, kama asilimia 85 hadi 90, kupitia matamvua. Akitolewa nje mambo hugeuka: takribani theluthi mbili huingia kwa ngozi, na theluthi moja kwa hewa anayoigugumia na kuishikilia ndani ya mashavu.

Ugeuzi huo unamfaa yeye kuliko perege au sato kwa sababu ya maumbile. Matamvua ya samaki ni vijitandu vyembamba vilivyopangana kwa mamia. Majini huelea vimeachana. Hewani hugandana na uso wa kupokea oksijeni hupungua mno. Perege ana kifuniko kipana cha mashavu, na akilala nje unyevu wake humwagika na kukauka upesi. Mkunga ana tundu dogo tu mbele ya pezi la kifuani. Akilifumba, huhifadhi maji kidogo ndani na kuyachelewesha matamvua yasikauke. Juu ya hapo mwili wake mrefu una ngozi nyingi yenye mishipa ya damu iliyo karibu na uso, na ute mzito unaoifanya ngozi hiyo ibaki mbichi. Katika kipindi cha kwanza hujazia pia kwa oksijeni iliyohifadhiwa kwenye kibofu chake cha hewa, huku mapigo ya moyo yakipungua.

Wafanyabiashara wa mikunga Ulaya waliijua siri hii zamani kabla haijaandikwa na wanasayansi. Mikunga wazima husafirishwa wakiwa hai kwenye trei zenye unyevu na barafu, bila kuzamishwa majini, na hufika wazima sokoni.

Lakini hapa ndipo mfugaji wa Dar es Salaam au Mombasa anapopaswa kuwa mwangalifu na habari za kutoka Ulaya. Barafu kwenye trei zile ina kazi yake. Katika majaribio ya Berg na Steen, mkunga aliyekaa hewani kwenye nyuzijoto 7 za Selsiasi aliweza kujitosheleza kwa oksijeni vizuri. Kwenye nyuzi 15 alipata takribani nusu tu ya kile alichokipata majini, na asidi ya laktiki ikaanza kulimbikizana mwilini. Mwili wa samaki hupata joto kutoka kwenye mazingira, na mahitaji yake ya oksijeni hupanda takribani maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Sebule yenye nyuzi 28 haimpi mkunga saa zile anazopewa na sakafu baridi ya jikoni huko Oslo mwezi wa Januari. Unyevu wa hewa ya pwani humsaidia asikauke, na papo hapo feni au kiyoyozi humnyang'anya msaada huo. Sakafu ya saruji iliyopigwa deki usiku ni afadhali kuliko zulia, kwa sababu zulia hufyonza ute wote na kumwacha na ngozi tupu. Kwa hiyo anayeuliza mkunga huishi muda gani nje ya maji anauliza swali lisilo na jibu moja. Inategemea joto, unyevu, ukubwa wa mwili wake na kile alichoburuzikia.

Kuhusu sababu za kutoroka, watu wengi hudhani mkunga huruka. Wachache huruka kweli. Wengi hutambaa, tena mara nyingi mkia ukiwa mbele. Mkunga anaweza kuogelea kinyumenyume bila shida, na mkia wake hupapasa mianya kwa ustadi wa kushangaza. Ushahidi mzuri kupita wote umetoka Japani. Yuha Hasegawa, Yuuki Kawabata na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nagasaki walitazama kwa eksirei kilichotokea pale samaki mkubwa alipommeza mkunga mchanga. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2024, yalionyesha kwamba kati ya mikunga 32 waliomezwa, karibu wote walijaribu kujitoa. Waliurudisha mkia juu kupitia koo hadi kwenye matamvua ya aliyewameza. 13 walifaulu kuchomoza mkia nje, na 9 walitoka kabisa. Kwa wastani waliofaulu walitumia sekunde 56.

Kiumbe anayeweza kutoka tumboni mwa adui kwa kutanguliza mkia hatashindwa na tundu la waya wa hita. Ukitazama nyuma ya tangi la kawaida utaona mfuniko umekatwa pembeni ili kupitisha bomba la chujio, waya wa taa na mpira wa hewa. Nafasi inayobaki ni ya vidole viwili. Mpira umelowa, umeteremka hadi majini, na huwa ngazi tayari. Mikunga wachanga wa mitoni hupanda hivyo hivyo kuta za mabwawa zilizolowa na miamba ya maporomoko, wakishikiliwa na unyevu tu. Hata walio wakubwa hujua kutembea nchi kavu: Gary Gillis, aliyelinganisha mwaka 1998 mwendo wa mkunga wa Marekani majini na ardhini, alionyesha kwamba ardhini hupinda mwili kwa mikunjo mipana zaidi na kwenda polepole, lakini huenda.

Je, huwa anakimbia kitu? Mara nyingine ndiyo. Tangi jipya ambalo bakteria wake wa kusafisha hawajakomaa, kazi inayochukua wiki kadhaa, hujaa amonia na nitriti. Maji ya bomba yenye klorini huunguza matamvua. Oksijeni hushuka usiku pampu ikizimika kwa kukatika umeme, na hili ni la kila siku katika miji yetu mingi. Mkunga aliyezoea kukaa mahali kwa miezi kisha akatoka ghafla anastahili kupimiwa maji yake kabla ya kulaumiwa. Lakini kuna wanaotoka katika maji safi kabisa, hasa siku za mwanzo baada ya kununuliwa, kwa sababu hawajapata shimo la kujificha, au kwa sababu usiku ndio wakati wao wa kutafuta chakula na tangi limeisha upande mmoja.

Kwa wa jamii ya Anguilla lipo jambo jingine, zito zaidi. Maisha yao yote yanaelekea baharini. Johannes Schmidt wa Denmark alieleza mwaka 1922 kwamba mkunga wa Ulaya huzaliana katika Bahari ya Sargaso, maelfu ya kilomita kutoka mito anamokulia. Wa mito yetu inaaminika huenda mashariki ya Madagaska. Akikomaa hubadilika rangi kuwa ya fedha, macho hupanuka, tumbo huacha kudai chakula, na safari humwita. Katika tangi safari hiyo haina pa kwenda. Huyu hatatulizwa kwa kubadilishiwa maji wala kuongezewa mawe, na ni haki kusema wazi kwamba sebule si mahali pake.

Mkunga wa miamba naye ana desturi ambayo zamani ilionekana kama kisa cha wavuvi. Maji yakikupwa, Echidna nebulosa huweza kutambaa juu ya jiwe akimfuata kaa. Rita Mehta wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, aliamua kuipima habari hiyo. Yeye na Kyle Donohoe waliwafundisha mikunga saba kupanda jukwaa lenye mteremko hadi nje ya maji na kula hapo. Utafiti wao wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mkunga huyo humeza chakula nchi kavu kwa ufanisi uleule wa majini. Samaki wengi hawawezi, kwa sababu huvuta mlo kwa mkondo wa maji kuelekea kooni. Yeye ana taya la pili ndani ya koo, ambalo Mehta na Peter Wainwright walikuwa wamelieleza mwaka 2007: hujitokeza mbele, hukamata windo na kulivuta ndani. Kwa mnyama wa namna hii ukingo wa kioo si mwisho wa dunia, na anayemfuga aelewe hivyo tangu siku ya kwanza.

Akishaokotwa, nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Asishikwe kwa mikono mikavu. Taulo au kitambaa kilicholoweshwa maji ya tangi humwinua bila kuchuna ute uliobaki. Asisuguliwe vumbi. Inatia kinyaa kumrudisha majini akiwa na nywele na nyuzi za zulia, lakini ngozi yake ikianza kutoa ute mpya, uchafu huo hubanduka wenyewe kwa vipande, wakati kuusugua hung'oa na ngozi. Ndoo yenye maji ya tangi lake, joto lilelile, mfuniko juu na jiwe la hewa ndani, ni bora kuliko kumtumbukiza kati ya samaki wenzake watakaomdonoa. Wa baharini arudishwe kwenye maji ya bahari. Maji ya bomba yatamuua aliyekuwa anataka kuishi.

Kinachofuata kinahitaji subira. Huweza kulala ubavu, au tumbo juu, bila dalili yoyote kwa dakika nyingi. Mdomo ukielekezwa kwenye mkondo mpole wa pampu, maji hupita kinywani na kutoka kwenye tundu la mashavu, na vile vijitandu vilivyogandana huachana. Asivutwe kurudi nyuma, maana maji yataingia kinyume. Dalili ya kwanza ni ndogo sana: koo linapanda na kushuka mara moja, kisha kimya, kisha tena. Baadaye ncha ya mkia hujikunja ikiguswa. Mwendo wa koo ukishapata mpangilio, yeye mwenyewe hujigeuza na kulalia tumbo, na hapo anachohitaji ni giza na kipande cha bomba la plastiki la kujichomeka. Maji yenye oksijeni tele humsaidia kuondoa ile asidi ya laktiki. Kumsumbua ili kuona kama bado yu hai humwongezea.

Anayeogelea jioni hajapona bado. Ngozi iliyokauka hugeuka nyeupe kwa mabaka na kubanduka siku zinazofuata, na palipobanduka ni mlango wazi. Katika maji baridi huota ukungu unaofanana na pamba, na bakteria hufuata. Kwa samaki wa maji baridi mwenye ngozi iliyochubuka kuna tatizo jingine: maji huingia mwilini na chumvi za damu huvuja nje. Ndiyo maana wafugaji huweka chumvi isiyo na viongezi, gramu 1 hadi 3 kwa lita, ili kumpunguzia mzigo wakati jeraha linafunga. Wa baharini mzigo wake ni kinyume, maji ya mwili ndiyo yanayotoka, na kwake chumvi ya ziada haina maana yoyote. Chakula kisubiri siku mbili tatu. Mkunga huvumilia njaa kuliko samaki wengi.

Hatari kubwa ya siku hizo ni huruma ya mwenyewe. Dawa nyingi za samaki zinazouzwa kwa kutibu vimelea zina shaba, na mikunga, ambao magamba yao ni madogo mno au hayapo kabisa, huzinyonya kwa ngozi na kudhurika kwa kiwango ambacho samaki mwingine angekistahimili. Maji safi yanayobadilishwa kidogo kidogo kila siku yana faida kuliko chupa tatu za dawa zilizochanganywa kwa hofu. Ukungu ukishamiri au kidonda kikipanuka, daktari wa mifugo anayejua samaki atafutwe, hata kwa simu.

Mwokoaji naye ajilinde. Mkunga wa miamba huuma akiamka na hofu, na meno yake hupinda kuelekea ndani. Mikunga-miba wana safu ya miiba mgongoni inayochoma kupitia taulo. Damu mbichi ya mikunga wa Anguilla ina sumu, jambo lililothibitishwa na Angelo Mosso wa Italia mwaka 1888. Kupikwa huiharibu, lakini ikiingia jichoni au kwenye mkwaruzo huwasha vikali. Mikono ioshwe kabla ya kugusa uso.

Aliyepona hujaribu tena, kwa sababu tundu bado lipo. Wafugaji wazoefu huziba nafasi za waya kwa sponji iliyokatwa kwa kipimo, huweka uzito juu ya mfuniko, huteremsha maji sentimita kadhaa chini ya ukingo, na hufunika kwa wavu mdomo wa njia ya maji inayoelekea kwenye chujio. Sehemu hii ya mwisho husahauliwa mno, na watoro wengi waliodhaniwa wamepotea huonekana siku ya kusafisha, wakiwa wamekaa salama ndani ya sanduku la chujio na wamenenepa.

Urefu wa tangi ndio mzizi wa mengi. Mkunga-miba mwenye mistari myekundu huuzwa akiwa na urefu wa kalamu, na hufikia mita moja. Wa Anguilla huishi miongo: Putte, mkunga aliyewekwa kwenye tangi la makumbusho ya mji wa Helsingborg, Sweden, alikufa mwaka 1948 akisemekana kuwa na miaka zaidi ya 80. Anayemnunua mtoto wa mkunga kwa tangi la sentimita 60 amenunua miezi michache ya amani.

Kumwachia mtoni au baharini ili aende zake si suluhisho, hata kama nia ni njema. Mikunga-tope wa Asia, Monopterus albus, wanaopumua hewa na kuvuka nyasi zilizolowa, walikutwa katika majimbo ya Georgia na Florida nchini Marekani miaka ya 1990, na mpaka leo hawajaondolewa. Aliyeshindwa kumtunza wake amrudishe dukani au ampe mfugaji mwenye tangi kubwa zaidi, na amweleze tangu mwanzo kwamba mnyama huyo ameshatoka mara moja, na alipitia wapi.